Safari ya Bulaimu ya Kutazama Tu

Mwaka ule wa 1898, mpishi mmoja wa Kindu aitwaye Bulaimu alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kulifanya: alipanga safari isiyo na kazi. Hakuwa anakwenda kununua wala kuuza. Hakubebeshwa pembe za ndovu kichwani, hakuwa anakimbia vita, wala hakuwa na ndugu wa kumzika huko aendako. Alikuwa anakwenda Italia kutembea, kula vya wenyewe, kuangalia milima yao na kusikiliza nyimbo zao, halafu arudi nyumbani. Siku hizi tunasema likizo na hatushangai. Enzi zile ungemwambia mtu wa Kindu maneno hayo, angekugusa paji la uso aone kama una homa.

Bulaimu alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, miguu myembamba, tumbo la mtu anayeonja kila chungu. Upishi aliupata utotoni Nyangwe, katika jiko la Waungwana, wale Waswahili wa biashara waliotoka pwani, na alichokitoa huko ni wali. Wali wake ulikuwa punje kwa punje, kila moja imesimama peke yake, hata ukiumwaga mkekani ungeweza kuziokota. Nisimfichie: alikuwa na majivuno. Akila kwa watu, huinua tonge la wali karibu na macho, akalitazama, akasema "Mm," na mwenye nyumba akakosa raha siku nzima.

Kazi yake Kindu ilikuwa kumpikia Mzungu mmoja aliyetengeneza mashua za chuma pale ukingoni mwa mto. Alikuwa Mwitaliano, fundi, mtu wa mabega mapana, na kwa sababu kutwa alikuwa akigonga vyuma watu walimwita Bwana Nyundo. Aligonga huku anaimba. Alikuwa na sauti kubwa hata wavuvi wakasema samaki wanahama. Mwaka mmoja kabla ya habari hii alishikwa na homa mbaya, wenzake wakaanza kugawana viatu vyake kwa macho. Bulaimu akamkalia siku kumi na moja, akimnywesha maji ya mchele kijiko kwa kijiko, mpaka siku ya kumi na mbili Bwana Nyundo akafumbua macho na kuuliza kwa nini hayana chumvi.

Basi ruhusa yake ya kwenda kwao ilipofika, Jumapili moja asubuhi, alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Bulaimu, miye narudi kwetu. Miezi sita. Weye unakuja pamoja na miye."

"Kupika, bwana?"

"Hapana. Kula."

Bulaimu alidhani hakusikia vizuri. Bwana Nyundo akarudia: mama yake ndiye atakayepika, Bulaimu atakaa mezani kama mgeni, hatagusa mwiko, hatachota maji, hatabeba hata kikapu. Watatembea, watakula, watapumzika. Bulaimu akakaa pale pale, juu ya kinu, jambo ambalo mtu mzima halifanyi. Tangu apate akili alikuwa hajawahi kula nyumbani kwa wakubwa chakula ambacho hakukipika mwenyewe, au hakusimama kando akisubiri wengine washibe. Alijaribu kuwaza anavyopakuliwa na mama wa Kizungu, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kutoka hapo hakulala vizuri na wala hakutaka kulala. Kazi yake ikawa kuuliza maswali. Bwana Nyundo anakaza misumari, Bulaimu anauliza. Bwana Nyundo ananyoa ndevu, Bulaimu anauliza.

"Kule kwenu munakula nini?"

"Bugali."

"Bugali ya nini?"

"Ya muhindi. Ya rangi ya manjano. Mama anakoroga saa nzima."

Bulaimu aliruka. Alikimbia nje kuwaambia Wagenya, wale watu wa mto wanaoishi kwa mitumbwi, waliokuwa wakifunga vyombo vyao, kwamba Wazungu wa Italia wanakula bugali, tena wa mahindi, na mama zao wanatoka jasho kuusonga kama watu wengine wote duniani. Aliporudi akasikia mengine. Kwamba kuna maziwa yanayogandishwa mpaka yanakuwa magumu, yanakaa miaka miwili chumbani, halafu yanakunwa juu ya chakula kama mtu anavyokuna nazi. Kwamba nyuma ya kijiji kuna milima mirefu yenye weupe juu, na weupe ule ni maji yaliyoganda, na jua linawaka juu yake wala hauishi. Kwamba uko mji mmoja ambao barabara zake zote ni maji, watu wanakwenda sokoni na kuoa na kuzika kwa mitumbwi.

"Basi hao ni Wagenya," Bulaimu akasema, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Kila aliyemsikiliza aliambiwa kwamba kule Italia wako Wagenya weupe.

Lakini kilichomtia wazimu ni mpunga. Bwana Nyundo alikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga. Alisema kwao mpunga unalimwa ndani ya maji, wanawake wanaingia mpaka magotini kupalilia huku wanaimba, na jioni vyura wanapiga kelele hata watu hawasikilizani. Sisi wa Maniema tunafyeka msitu, tunachoma, tunapanda mpunga juu ya udongo mkavu na kuingoja mvua. Bulaimu alimwambia bwana wake, kwa heshima zote, kwamba hapo anadanganya. Mpunga ukikaa majini unaoza.

"Utaona na macho yako," Bwana Nyundo akamjibu.

Na jinsi wanavyoupika! Siku moja alimfundisha. Unatia mchele kwenye mafuta, unautilia mchuzi kidogo kidogo, na unakoroga. Unakoroga wali! Bulaimu kwanza alifunga mlango wa jiko, watu wasije wakamwona mpishi wa Nyangwe anakoroga wali kama uji wa mgonjwa. Ulipoiva, punje zilikuwa zimeshikana, laini, zinateleza. Akaonja kwa ncha ya kijiko ili apate la kusema. Akaonja tena, kijiko kizima safari hii, na mwisho alikwangua sufuria. Habari hiyo aliificha mjini, lakini mkewe aliinusa kwenye kanzu yake.

Mkewe aliitwa Mwanvua, mwanamke mwepesi wa maneno, mwenye mtoto mchanga, Zawadi, mgongoni na shamba linalongoja kuvunwa. Yeye alifurahi kuliko mumewe. Alimshoneshea kanzu mpya, akamtafutia kofia, akamkumbusha habari ya nguruwe na mvinyo mpaka Bulaimu akaapa kwamba ameshaongea na bwana: mama wa Bwana Nyundo atanunua sufuria mpya isiyogusa kitu kingine.

"Uende, Baba Zawadi," Mwanvua alisema. "Lakini uniletee habari yote. Usiniletee ya chakula peke yake. Uangalie wanawake wanavaa nini, wanagombana namna gani, na waume yao wanajibu nini."

Mtumbwi wa kwanza, wa kuteremka mto mpaka kwenye maporomoko ambako meli ya moshi ilikuwa inangoja, ulipangwa kuondoka Ijumaa baada ya sala. Ilibaki kuaga.

Na hapa Bulaimu alikosea.

Kuaga kwetu si kupunga mkono. Msafiri anakwenda nyumba kwa nyumba. Anakaa, anasema, "Nimekuja kuaga, munisamehe yote," na wenye nyumba wanajibu, "Tumekusamehe, na weye utusamehe." Wanampa chochote cha njiani, hata karanga kiganja kimoja. Akishatoka, nyumba ile haingii tena mpaka arudi kutoka safari, maana mtu aliyeagwa ni mtu aliyekwenda. Na nyumba ya kwanza kabisa ni ya mama. Mama ndiye mwenye radhi. Hao wengine wanafuata nyuma yake.

Bulaimu aliyajua hayo yote. Lakini alikuwa amejaa furaha mpaka shingoni, na Jumatatu alfajiri alipotoka msikitini, watu wakamzunguka, huyu anauliza habari ya maziwa magumu, yule habari ya Wagenya weupe, na alipofika kwenye nyumba ya kwanza tayari alikuwa anaaga. Akaingia ya pili. Akaingia ya kumi. Kila nyumba alieleza upya, na kila nyumba milima iliongezeka urefu. Mpaka Jumanne jioni alikuwa ameimaliza Kindu nzima, na kibaraza chake kilikuwa kimejaa mihogo mikavu, samaki wa moshi na karanga za kutosha watu ishirini.

Mama yake, Mwanahamisi, alikaa ng'ambo ya mto, njia ya Pangi, kwenye shamba lake mwenyewe. Bulaimu alijiambia kwamba hakuanza kwake kwa sababu mto umejaa. Mto haukuwa umejaa. Aliogopa, huo ndio ukweli, na furaha ilimsaidia kuuficha woga.

Maana Mwanahamisi alizaa watoto watatu. Wa kwanza alichukuliwa na watu wa pembe walipopita na bunduki zao; wakamtia pembe begani na kumwelekeza pwani. Wa pili alichukuliwa wakati wa vita na askari waliotaka wabebaji. Hakuna aliyerudi, na hakuna aliyeleta habari. Bulaimu ndiye aliyebaki. Mwanamke huyo akisikia neno safari, huacha analolifanya.

Jumatano asubuhi, kabla Bulaimu hajavuka, jirani yake Hadidja alivuka kupeleka mawese. Hadidja hakuwa mtu mbaya. Alidhani mama anajua. Akampa chupa ya mafuta na kumwambia, "Pole na safari ya mutoto yako, mama. Ametuaga sisi yote vizuri sana."

Bulaimu alipofika alimkuta mama yake anapepeta mpunga mbele ya nyumba. Hakuinua uso.

"Hodi, mama."

"Karibu, mugeni."

"Mama, ni miye. Bulaimu."

"Bulaimu ameshaenda," mama akasema, ungo unaendelea. "Ameaga watu yote, mpaka ile mulevi wa kule posta. Muntu akishaaga, ameenda. Kaa ku kiti, nikupe maji ya kunywa, umetoka mbali."

Akamletea maji kwenye kata ya wageni. Bulaimu alipiga magoti, akaomba msamaha, akaeleza habari ya bugali ya mahindi, ya mpunga wa majini, ya sufuria mpya. Mama alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mpita njia.

"Na unaenda kuchukua nini kule?"

"Sichukue kitu, mama. Naenda kuangalia tu."

"Hm. Ukimukuta Bulaimu njiani, umusalimie. Umuambie mama yake hakuona hata mugongo yake."

Akainuka na ungo wake, akaingia ndani. Bulaimu aliyekuwa akiruka siku zote hizo akarudi mtoni akiburuza miguu. Bila radhi ya mama hakuna kwenda, hilo lilikuwa wazi kwake kuliko kitu kingine chochote. Mtu anaweza kudanganya wakubwa wa serikali pale posta, anaweza kudanganya hata mke wake kidogo, lakini hawezi kupanda mtumbwi akiwa amemkosea mama. Na mjini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila baraza aliyopita watu walishtuka: "Wee, si ulituaga? Usiingie, utajiletea mukosi!" Hakuna aliyempa kiti. Alikwenda nyumbani akakaa katikati ya mihogo yake, akalia bila kujificha.

Mwanvua alimwacha alie kwanza. Halafu akamsogezea mtoto amshike, akasema, "Mama amesema umeenda. Basi, umeenda, hauwezi kuomba tena. Lakini iko mwingine. Muntu akitaka kuoa binti ya watu, nani anaomba? Binti?"

"Hapana. Mwenye kumuchukua."

"Na weye nani anakuchukua?"

Bulaimu alimtazama mkewe, akamrudishia mtoto, akaondoka mbio.

Bwana Nyundo alikuwa anafunga sanduku lake. Alisikiliza mpaka mwisho, na tofauti na Wazungu wengi wa wakati ule hakucheka wala hakukasirika. Alikaa juu ya sanduku na kusema kwamba kwao pia iko hivyo, mama akinuna nyumba nzima inatembea kwa vidole. Akaomba maji, akanawa, akavaa koti lake la Jumapili lenye vifungo vinne na nafasi ya kifungo cha tano.

Alhamisi asubuhi Wagenya wakawavusha. Bulaimu alibaki kando ya ghala la mpunga, maana mtu aliyekwenda hawezi kukaa mkekani. Bwana Nyundo akapiga hodi, akaitikiwa, akavua kofia, akajaribu kukaa chini. Miguu yake mirefu ilimshinda, akaikunja hivi, akaikunja vile, mwisho akainyoosha mbele yake na kuomba radhi kwa ajili ya viatu. Mwanahamisi alikaa kwenye kigoda akimtazama.

"Mama," Bwana Nyundo akasema, "miye nimekuja kuomba mutoto yako. Miezi sita. Atakula kwetu, atalala kwetu, hatabeba kitu. Halafu namurudisha hapa, mbele yako."

"Mama yako weye iko muzima?"

"Iko, mama."

"Hajakuona miaka ngapi?"

"Saba."

Mwanahamisi akapangusa magoti yake kwa kanga.

"Na watu ya kule watamuita nani? Boyi?"

"Watamuita Bulaimu. Miye nitawaambia ni muntu aliyenitoa ku kaburi."

"Na miye nikikataa?"

"Ukikataa, anabaki. Miye naenda peke yangu."

"Hautaleta askari?"

"Hapana, mama."

"Hautasema kesho ameiba kitu, afungwe kamba, apande mutumbwi kwa nguvu?"

"Hapana."

Kule ghalani Bulaimu alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili. Mama yake alimtazama Mzungu yule kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama mchele kabla ya kuutia chunguni.

"Basi nimekataa," akasema.

Bwana Nyundo aliinamisha kichwa. Akajikusanya kutoka mkekani kwa taabu, akachukua kofia yake, akasema, "Sawa, mama. Asante kunikaribisha." Alipopita karibu na ghala alimshika Bulaimu bega, akaendelea kuteremka njia ya mtoni. Bulaimu alibaki pale na kanzu yake mpya. Milima, meza, wanawake wanaoimba majini, vyote viliondoka mbele ya macho yake. Na pamoja na uchungu wake hakuwa na hasira hata chembe, kwa sababu mama alikuwa na haki.

Mwanahamisi naye alikuwa amesimama. Alitazama mgongo wa yule mtu ukishuka, ukapita migomba, ukafika majini. Akamwona anaingia mtumbwini peke yake, anakaa, anawaambia Wagenya waanze. Mtumbwi ukasukumwa. Kafi ya kwanza ikazama, na ya pili.

"Muzungu!" mama akaita kwa sauti ambayo Bulaimu hakuisikia tangu utoto wake. "Rudi!"

Mtumbwi ukageuka. Bwana Nyundo akapanda kilima anahema, kofia mkononi, hajui anaitiwa nini. Mwanahamisi alimngoja mpaka akafika, machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Wakubwa yake wawili walipochukuliwa, sikuulizwa," akamwambia. "Nilikuwa nataka kuona muntu akikataa inakuwa namna gani. Sasa nimeona. Umuchukue."